Eurydice hayumo

Dada alikuwa anakaanga maandazi nilipompa simu aitazame ile picha. Kisa chenyewe, cha Orpheus na mkewe Eurydice, nilikuwa nimeshamsimulia juu juu: mwanamume aliyemfuata mkewe mpaka kuzimu, akaruhusiwa kurudi naye, akageuka nyuma, akampoteza. Akafuta unga kwenye kanga, akaichukua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku, akaisogeza kule.

"Mke yuko wapi?"

Nilikuwa nimeitazama picha ile mwezi mzima na swali hilo halikunijia hata siku moja.

Tulikuwa Hamburg, mwezi wa Januari, ghorofa ya tatu, na theluji ya nje ilikuwa imeshageuka tope. Dada ni binti wa mama mkubwa, na kwetu huyo ni dada, hana jina jingine. Ameishi Ujerumani miaka mingi kiasi kwamba sasa anakasirika basi likichelewa dakika nne. Husema kuzimu kama kupo basi kunafanana na Hamburg mwezi wa pili, ila huku mshahara unaingia kwa wakati. Mimi nilikuwa mgeni wa wiki tatu, na katika orodha yangu ya mambo ya kufanya niliandika mawili tu: kuiona picha hiyo, na kwenda kwenye kaburi la Bibi Salme, binti wa Sultani wa Unguja. Sikujua kama mambo hayo mawili yana uhusiano.

Picha ni ndogo, haina rangi. Imechapwa kutoka kwenye bamba la shaba lililochongwa kaskazini mwa Italia, miaka ya 1470 au 1480 hivi, na aliyelichonga hakuacha jina. Katikati yuko mwanamume kapiga goti, karibu yu uchi, kabakiwa na kitambaa tu mwilini, mkono mmoja kaunyanyua juu ya kichwa kama mtu anayejikinga na jua. Anachojikinga nacho si jua. Kila upande wake kasimama mwanamke, nguo zinapepea, kashika rungu refu kwa mikono miwili tayari kumshushia. Mtoto mdogo anatimua mbio. Chombo cha muziki kimelala chini, hakina mpigaji. Huyo aliyepiga goti ndiye Orpheus, na hawa ndio wanaomuua.

Mke hayumo. Hata kivuli chake hakimo.

Kwa asiyekijua kisa, nitakisimulia kama nilivyokisoma kwa Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeandika kwa Kilatini miaka 2000 iliyopita, katika kitabu cha 10 na cha 11 cha utenzi wake mkubwa wa viumbe wanaogeuka viumbe vingine. Sitakipunguza sana, maana utamu wake uko kwenye vitu vidogo.

Harusi ilianza na nuksi. Mungu wa ndoa alikuja kama alivyoalikwa, lakini mwenge wake haukushika moto, ulitoa moshi tu, ukawatoa watu machozi. Baada ya hapo bibi harusi, Eurydice, akitembea majanini na mashoga zake, akaumwa na nyoka kwenye kifundo cha mguu, akafa. Bwana harusi alikuwa Orpheus wa Thrace, kaskazini mwa Ugiriki, mwimbaji ambaye akikigusa kinubi miti inang'oka ilipo na kuja kumkalia karibu. Alimlilia mkewe juu ya ardhi mpaka machozi yakamwishia, kisha akaona hapana, heri nishuke. Akashuka.

Mbele ya mfalme wa kuzimu na malkia wake Persephone aliimba, na maneno ya wimbo huo yalinishangaza. Nilitarajia kilio. Nikakuta hoja ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya mdai. Sisi sote ni wenu, akawaambia. Leo au kesho, sote njia yetu ni hii na nyumba yetu ya mwisho ni hapa. Na huyu naye atakuja, akishaishi miaka yake. Simwombi kama zawadi. Naomba kuazima.

Kuazima mke. Hapo nilifunga kitabu kwanza, nikaenda kunywa maji.

Wimbo ukafanya kazi. Tantalus, aliyehukumiwa kuyafukuzia maji asiyafikie, akaacha kuyafukuzia. Gurudumu la Ixion likasimama. Sisyphus, yule wa kulisukuma jiwe mlimani siku zote, akalikalia jiwe lake asikilize. Miungu wa kike wa kisasi, ambao hawajawahi kulia tangu waumbwe, mashavu yakalowa. Eurydice akaitwa. Alikuwa kundi moja na wafu wapya, akaja akichechemea, kwa sababu jeraha la nyoka lilikuwa bado linamuuma. Ovid angeweza kumleta aking'ara kama mwezi wa kumi na nne. Kamleta akichechemea, na kwa neno hilo moja nikamwamini kwa yote mengine.

Sharti unalijua. Usigeuke nyuma mpaka mtoke. Sisi tuliopita madrasa hatuhitaji kuelezwa sana: watu wa Nabii Lut nao waliambiwa waondoke usiku na asigeuke yeyote. Na katika hadithi za bibi, mtu akiambiwa asigeuke, watoto wote mkekani tulikuwa tunashika pumzi, maana tunajua atageuka. Njia ilikuwa ya mwinuko, giza, ukungu, na ukimya. Walikuwa wamebakisha kidogo sana. Akaogopa kwamba hayupo, akamtamani, akageuka. Eurydice akateleza kurudi alikotoka. Orpheus akanyoosha mikono, akashika hewa. Mke hakumlaumu, amlaumu kwa lipi, anauliza Ovid, zaidi ya kwamba alipendwa? Akasema kwaheri ambayo haikumfikia vizuri masikioni.

Siku saba alikaa ukingoni mwa mto wa kuzimu, haogi, hali chakula. Mvushaji alimkatalia. Akarudi milima ya kwao, akawakataa wanawake wote, na Ovid anasema wazi kwamba mapenzi yake aliyapeleka kwa wavulana. Miaka ikapita. Siku moja wanawake wa Thrace, wakiwa kwenye sherehe ya mungu wao wa mvinyo, walimwona kilimani anaimba. Mmoja akapiga ukelele: huyo hapo anayetudharau! Jiwe la kwanza lililorushwa likasikia wimbo likiwa bado njiani, likaanguka miguuni mwake kama linaomba radhi. Wangemrushia mawe mpaka jioni wasimpate. Kilichomuua ni kelele. Walipiga ngoma, wakapuliza zumari, wakapiga makofi na vigelegele (Kilatini husema *ululatus*, litamke mwenyewe usikie kama si mdomo wa bi harusi yeyote wa kwetu) mpaka sauti ya kinubi ikafunikwa. Mawe yaliyokuwa hayasikii tena yakapata damu.

Picha yetu inaanzia hapo. Mapenzi yote, kuanzia mwenge wa moshi mpaka kwaheri isiyosikika, yako kitabu cha 10. Mchongaji kavipita vyote, kaenda kukaa kitabu cha 11, pale penye marungu.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba miili inayopigana inauza. Huyo mchongaji alikuwa na njaa kama mafundi wote. Lakini mimi nimekaa na fundi wa aina hiyo, na najua kwamba bamba la chuma lina matakwa yake.

Babu mzaa mama alikuwa sonara Mji Mkongwe. Utoto wangu niliutumia chini ya meza yake, chini kabisa, kwa sababu huko ndiko chembe za dhahabu zinakoangukia na mtoto mwenye macho mazuri alikuwa na kazi. Juu ya meza kulikuwa na bakuli la lami. Bangili ikitaka kutiwa nakshi, lami inapashwa kidogo mpaka ilainike, bangili inakazwa ndani yake, na lami ikipoa inaishika kuliko mkono wowote. Kisha babu anachukua kalamu. Ndivyo alivyoiita, ingawa ilikuwa chuma chenye ncha, na kipini cha mti kilichong'aa kwa jasho la kiganja chake. Hakuisukuma kama mtu anayeandika. Kiganja kilikaa nyuma ya kipini, kidole kimelala juu ya chuma kukiongoza, na mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukizungusha kazi polepole, ili mstari upinde. Nywele ya chuma inajikunja mbele ya ncha na kudondoka. Ukimsemesha wakati huo hakujibu. Siku moja tu aliniambia: "Wino ukikosea unafuta. Hii ukikosea unayeyusha."

Kuchonga bamba la shaba kwa ajili ya kuchapa picha ni kazi hiyohiyo, na wachongaji wa kwanza wa Ulaya walitoka kwa masonara. Bamba linalazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, ili lizunguke kirahisi chini ya ncha. Ukishachonga, unapaka wino mzito, unaupangusa juu kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja, mpaka wino ubaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi inaloweshwa kidogo, inalazwa juu, inafunikwa kwa blanketi, vyote vinapitishwa katikati ya magogo mawili yanayobana. Karatasi laini inaingia mferejini na kuunyonya wino. Ukiifunua, kila kitu kimegeuka: kulia imekuwa kushoto, kama muhuri. Waitaliano walipenda kudai ugunduzi huo. Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji wao, aliwapa sifa hiyo mafundi wa Florence. Lakini Ujerumani kuna picha ya aina hiyo yenye mwaka 1446 juu yake, kabla ya tarehe aliyoitaja Vasari, kwa hiyo tumwache na fahari yake.

Kwenye shaba hakuna kivuli cha bure. Hakuna kupaka. Giza ni mistari mingi iliyokaribiana, mwanga ni pale ulipoacha kuchonga. Sasa mpe fundi huyo kazi ya kuchonga ukungu wa kuzimu, na mwanamke anayeyeyuka ndani yake, na neno lisilosikika. Atachonga nini? Mpe msuli wa bega unaonyanyua rungu, mpe mkunjo wa nguo, mpe mkono uliokunjwa juu ya kichwa: hapo kalamu ya chuma inacheka. Nadhani nusu ya jibu ni hiyo. Bamba linapenda kitu chenye ukingo, na Eurydice hana ukingo.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuhusu picha hii. Uzuri wa bamba ni kwamba halitoi picha moja. Linatoa mia, mia kadhaa, kabla mistari haijachakaa. Kwa mara ya kwanza fundi wa Italia angeweza kuchonga nyumbani kwake na kazi yake ikauzwa Ujerumani ndani ya mfuko wa mchuuzi. Karatasi hizo zilibandikwa kuta za karakana, zikapigwa moshi, zikashikwa na vijana wanafunzi wenye mikono michafu wanaojifunza kuchora goti, zikachanika. Za picha hii zilipotea zote. Imebaki moja duniani. Iko hapo Hamburg, katika jumba la sanaa la Kunsthalle.

Nilikwenda, kwa treni, na viatu vilivyoloa. Lakini ukutani haipo. Mwanamke mmoja wa hapo, mwenye subira, alinieleza kwamba kazi za karatasi haziishi ukutani, mwanga unazila. Hulazwa gizani ndani ya makasha, na anayetaka kuziona huandika mapema, hupangiwa siku. Kwa siku zangu zilizobaki haikuwezekana, na kosa lilikuwa langu. Nikamshukuru. Nikakaa kwenye benchi katikati ya watu wa rangi za mafuta, nikafungua simu, nikaitazama picha yangu ileile, nakala ya nakala, huku ya asili ikiwa imelala gizani chini ya paa hilohilo. Sikuthubutu kugeuka nyuma, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Katika nyumba hiyohiyo kuna kitu cha pili. Mwaka 1494 kijana wa Nuremberg mwenye miaka 23, mtoto wa sonara aliyefundishwa usonara na baba yake kabla hajawa mchoraji, aliipata moja ya zile karatasi za Italia, au iliyofanana nayo sana, akaichora upya kwa kalamu na wino. Jina lake Albrecht Dürer. Kaliweka goti lilelile, mkono uleule juu ya kichwa, wanawake walewale na marungu, mtoto yuleyule mkimbiaji. Ila nyuma yao kaotesha miti mikubwa iliyojaa majani, kila jani kwa raha zake, unaona kabisa kwamba kwenye majani ndipo alipostarehe. Na kwenye mti kafunga utepe wenye maandishi kwa Kijerumani cha wakati ule: *Orfeus der erst puseran*. Neno la mwisho ni tusi la mitaani lenye asili ya Kiitaliano. Maana yake, kwa adabu, ni kwamba Orpheus ndiye mwanamume wa kwanza aliyelala na wanaume.

Nilipomsomea dada, aliguna mguno ule wa kwetu. "Yaani mtu kashuka kuzimu kumfuata mkewe, halafu kwenye mti wanamwandikia hilo?"

Ndiyo. Na kwenye mguno wa dada ndipo nilipoiona nusu ya pili ya jibu. Wale wanawake wa Thrace hawakuwahi kumwona Eurydice. Wachongaji nao hawakumwona. Wanachokiona watu wa nje ni mwanamume anayekaa peke yake mlimani miaka mitatu, hasemi na wanawake, anaimba. Wakatafuta sababu, wakapata iliyo karibu na midomo yao. Ukitazama kwa macho ya mtaa, picha hii ni sahihi kabisa: mapenzi yenyewe hayaonekani, kinachoonekana ni kashfa yake, na juu ya kashfa kuna utepe.

Hamburg hiyohiyo ilimzaa mtu aliyeifanya picha hii maarufu. Aby Warburg, mtoto wa kwanza wa ukoo wa wenye benki, inasemekana akiwa na miaka 13 alimwachia mdogo wake Max haki ya kuirithi benki, kwa sharti kwamba Max atamnunulia vitabu vyote atakavyotaka maisha yake yote. Max alicheka akakubali. Baadaye nadhani hakucheka sana. Mwaka 1905 Warburg alizungumza mbele ya wasomi waliokutana Hamburg, akaweka mchoro wa Dürer na karatasi ya Italia pamoja, akaonyesha kwamba ule mkono ulionyanyuliwa haukubuniwa na yeyote kati yao. Umetoka kwenye vyungu vya Wagiriki wa kale, ambako Orpheus alishapigwa kwa mkao uleule. Uchungu, alisema, una mikao yake, na mikao hiyo husafiri karne baada ya karne. Vitabu vyake navyo vilisafiri: Desemba 1933, yeye akiwa amekwisha kufa miaka minne, vilipakiwa kwenye meli mbili kwenda London kuwakimbia Wanazi.

Meli. Hapo ndipo akili yangu ilipohama moja kwa moja kwenda Unguja.

Nilipokuwa mdogo, nilichokijua kuhusu Bibi Salme kilikuwa vitu viwili, mimba na meli. Binti wa Sayyid Said, kazaliwa Mtoni mwaka 1844, kapata mimba ya Mjerumani, katoroka kwa manowari ya Kiingereza. Hivyo ndivyo hadithi ilivyosimuliwa barazani, kwa sauti ya chini, na kicheko kifupi mwishoni. Jina la mwanamume sikuwahi kulisikia. Nimelisoma nikiwa mtu mzima: Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana wa Hamburg, mmoja wa wale walioletwa Unguja na biashara iliyowekewa mkataba na Sayyid Majid, kaka yake Salme aliyekuwa Sultani, mwaka 1859. Nyumba zao zilikuwa jirani. Paa lake lilikuwa chini kidogo ya paa la Salme.

Agosti 1866 aliondoka. Alimsubiri Ruete Aden miezi mingi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa siku hiyohiyo, wakaanza safari ya Hamburg. Wakakaa Uhlenhorst, kando ya ziwa la Alster, na mwaka 1869, yeye akiwa mkazi wa mji huo, Kunsthalle ikafunguliwa upande wa pili wa maji. Kama aliwahi kuingia ndani, mimi sijui. Nawaza tu kwamba aliyaona mapaa yake. Agosti 1870 Ruete alianguka chini ya tramu ya farasi, akafa. Mkewe alikuwa hajatimiza miaka 26, ana watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo alikuwa bado anajifunza jinsi ya kuwasha jiko lake.

Aliandika kumbukumbu zake, zikachapwa mwaka 1886, na kurasa nyingi kabisa zinatazama nyuma: Mtoni, mabibi wa jumba la baba yake, vyakula vya Ramadhani, namna ya kufukiza nguo udi. Mwaka 1885 alirudi kuiona Unguja, akiwa ndani ya mchezo wa Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, manowari za Kijerumani zikiwa bandarini. Kaka yake Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, hakumpokea. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, kwenye kaburi la familia ya Ruete. Inasimuliwa kwamba kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja kilikuwa naye mpaka mwisho.

Siku ya kwenda Ohlsdorf dada alichukua ruhusa kazini. Makaburi hayo yana hekta karibu 400, yana mabasi yake ya ndani, yenye vituo na ratiba, na dada aliniambia kwa fahari kama vile yeye ndiye aliyeyapanga. Tulishuka, tukatembea, tukapotea mara mbili. Theluji safi ilikuwa imeanguka usiku, hakuna aliyeikanyaga. Tulipolipata kaburi nilitoa kiganja kwenye glavu nikafuta jiwe, na baridi ya jiwe lile ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Dada akanong'ona kitu. Nadhani ilikuwa Fatiha, halafu akaniangalia kama anayeuliza kama inafaa, kwa vile marehemu alibatizwa. Nikamwambia mimi si mufti. Akamalizia.

Alikuwa amebeba chupa ya chai ya tangawizi. Tulikunywa tumesimama, mvuke unatufunika nyuso.

"Na yule wa kwenye simu," akasema, "ndiyo basi? Wamempiga marungu, hadithi imekwisha?"

Nikamwambia hapana, Ovid ana mistari michache baada ya hapo. Kichwa cha Orpheus kilitupwa mtoni pamoja na kinubi, vikaelea vikinong'ona mpaka baharini, mpaka kisiwa cha Lesbos. Lakini yeye mwenyewe, kivuli chake, alishuka kuzimu mara ya pili. Njia anaijua. Akapita mahali palepale alipopita kwanza, akamtafuta katika mashamba ya watu wema, akamkuta, akamkumbatia. Na sasa hutembea wote wawili huko chini. Mara wanakwenda sambamba. Mara mke anatangulia na yeye anafuata. Mara yeye anatangulia, na akitaka kumwona anageuka tu, anamwona.

Dada akafunga kifuniko cha chupa.

"Hilo sasa ndilo wangechora," akasema, na akaanza kutembea kwa haraka, kwa sababu basi letu lilikuwa limeshatokea kwenye kona, na kwa mujibu wa ratiba lilikuwa halijachelewa hata dakika moja.